Mkono mmoja, majeraha mawili: kisa cha maji ya moto na vinyweleo

Mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka 34, mwenye afya yake, hana kisukari wala ugonjwa mwingine wa kuchelewesha kidonda kupona. Aliinua birika la maji yaliyotoka kuchemka, mfuniko ukafyatuka, maji yakammwagikia kwenye kigasha cha mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kifundo. Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu. Kwa taharuki akafanya lile ambalo karibu kila mtu hulifanya: akauvuta mkono kifuani na kuukumbatia. Akapiga kelele, mtu akaja, sweta likavuliwa. Kwa makadirio yake mwenyewe, tangu amwagikiwe hadi sweta livuliwe ilipita dakika moja na ushei. Mkono ukawekwa chini ya bomba "kidogo tu", ukapakwa dawa ya meno, na saa mbili baadaye alikuwa mbele yangu kwenye chumba cha kufungia vidonda.

Kuungua kwa birika ni jambo la kila siku. Kisa hiki nakiandika kwa sababu mkono huo, ulioungua kwa maji yale yale na kwa wakati ule ule, ulikuwa na majeraha mawili yasiyofanana hata kidogo. Tena siku ya kwanza mimi niliyaona kama jeraha moja.

Siku ya kwanza

Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa dawa ya meno. Inaganda, inaficha rangi ya jeraha, na kuibandua ni kumtesa mtu mara ya pili. Baada ya hapo niliurudisha mkono chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20 kamili. Wengi huona kwamba saa mbili zikishapita hakuna faida tena, lakini ndani ya saa tatu za kwanza maji ya bomba bado yanasaidia. Barafu hapana, mafuta hapana.

Ukubwa tuliupima kwa kiganja chake mwenyewe, maana kiganja cha mtu pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake yote. Upande wa nje wa kigasha, ule wenye malaika (vile vinywele laini vya mwilini), jeraha lilitosha kiganja kimoja. Upande wa ndani, ule laini unaoonyesha mishipa, lilikuwa kama nusu ya kiganja.

Nje kulikuwa na malengelenge makubwa, mawili yakiwa yameshapasuka. Chini yake palikuwa pekundu, pamelowa, na hata upepo wa feni ulimfanya aruke. Nilibonyeza kwa kidole pakawa peupe, nilipoachia wekundu ukarudi mara moja. Hiyo ni dalili nzuri, kwani inaonyesha kwamba mishipa midogo ya damu iko hai na inafanya kazi. Ndani, ngozi ilikuwa imebabuka, wekundu umekolea zaidi, malengelenge ni membamba na machache. Hapo sikubonyeza. Kuugeuza mkono kiganja kikatazama juu kulimtoa machozi, nami niliona wekundu nikajiambia penye wekundu pana damu na penye damu pana uhai. Nikaandika kwenye faili: "Jeraha la juu, pande zote mbili, litafunga ndani ya wiki mbili." Nusu ya sentensi hiyo haikuwa kweli.

Kosa langu lina chanzo chake kwenye umbo la ngozi. Tabaka la juu, epidermisi, kwenye kigasha halizidi sana unene wa karatasi. Halina mshipa hata mmoja wa damu. Seli zake huzaliwa kwenye safu ya chini kabisa, kisha husukumwa juu taratibu huku zikijijaza keratini, protini ngumu. Zikifika juu zimeshakufa, zimekuwa magamba membamba yanayopukutika bila sisi kujua. Safari hiyo huchukua wiki nne au zaidi. Katika safu hiyo hiyo ya chini ndimo zilimo melanosaiti, seli zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi, na kuigawia seli jirani. Idadi yake inakaribiana kwa watu wa rangi zote, kinachotofautiana ni wingi, ukubwa na mpangilio wa vifuko vya rangi zinavyovitoa. Kwa hiyo epidermisi ikishabanduka, binadamu wote chini yake ni wa waridi. Wekundu nilioutazama ulikuwa wa tabaka la pili, demisi, na demisi huweza kuwa nyekundu ikiwa hai au ikiwa imekufa na damu imegandia ndani yake. Kuna njia ya kutofautisha: ni kubonyeza. Damu iliyoganda haiondoki chini ya kidole.

Siku ya tatu

Bandeji ilipofunguliwa, upande wa nje ulikuwa kama tulivyouacha: umelowa, wa waridi, una maumivu. Upande wa ndani ulikuwa umebadilika. Katikati palikuwa peupe kama nta, pana mabaka mekundu ya kiza. Nikabonyeza na mabaka hayakuhama. Halafu mgonjwa mwenyewe akasema jambo ambalo lilipaswa kunizindua zaidi ya mabaka:

"Sista, huku ndani afadhali. Hakuumi kama jana."

Kwenye kidonda kingine chochote hiyo ingekuwa habari njema. Kwenye jeraha la moto, kuungua kunakopunguza maumivu haraka hivyo ni kuungua kulikoziua neva. Miisho ya neva za maumivu imetanda kwenye demisi na kupanda hadi ndani ya epidermisi. Moto ukichoma juu huiacha wazi, ikapiga kelele. Ukizama, huinyamazisha.

Nikachukua kibano. Upande wa nje nilishika unywele mmoja na kuuvuta kidogo: ulishikilia, na mgonjwa akasema "aii". Upande wa ndani malaika ni machache na membamba, ilinibidi kuyatafuta kwa taa. Nilishika moja, likatoka kama uzi uliosahauliwa kwenye kitambaa. Hakuhisi. La pili vile vile.

Kipimo hiki hakihitaji mashine, nami nakiamini kuliko macho yangu. Unywele tunaouona ni kitu kilichokufa, keratini tupu iliyopangwa kama magamba ya samaki juu ya kiini chake. Kilicho hai kiko chini, ndani ya kinyweleo, kile kishimo unywele unamoota. Kila kinyweleo kimezungukwa na wavu wa neva, ndiyo maana mdudu akitembea juu ya malaika unamsikia kabla hajagusa ngozi. Unywele unapong'oka bila upinzani na bila maumivu, unakuambia kwamba kilichoushika kimekufa, na neva zilizouzunguka zimekufa pia. Ni kama kutia fimbo kisimani kupima maji yamefika wapi, ila hapa unapima joto lilishuka hadi wapi.

Ningeweza kujificha nyuma ya Douglas Jackson, daktari wa upasuaji wa majeraha ya moto. Mwaka 1953 alieleza kwamba jeraha la moto lina kanda tatu: katikati iliyokufa papo hapo, pembeni yake iliyo mahututi kwa sababu damu inapita kwa shida, na ya nje kabisa iliyovimba tu kwa wekundu. Ile ya pili inaweza kupona au kufa ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo jeraha huweza kuongezeka kina likiwa limefungwa vizuri kwenye bandeji. Ni kweli, na huenda sehemu ya upande wa ndani ilikufa hivyo. Lakini katikati pake naamini palikuwa pamekufa tangu sweta likiwa mwilini.

Kwa nini ndani na si nje

Maji yalikuwa yale yale, lakini muda haukuwa ule ule. Upande wa nje maji yalipita na kutiririka. Upande wa ndani sweta lililolowa lilibanwa kati ya mkono na kifua, likawa kama kitambaa cha kukandia. Kazi ya watafiti Moritz na Henriques ya mwaka 1947 inaonyesha muda ulivyo na uzito: maji ya digrii 49 huhitaji karibu dakika tisa au kumi kuiua epidermisi, lakini yakiwa digrii 60 sekunde tano zinatosha. Sweta lililolowa maji yaliyochemka hupoa, lakini halipoi kwa sekunde tano.

Sababu ya pili ni ngozi yenyewe. Demisi ya upande wa ndani wa kigasha ni nyembamba kuliko ya nje. Joto lina njia fupi ya kwenda.

Sababu ya tatu haihusu kuungua bali kupona, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Demisi ni tabaka gumu, lililosukwa kwa nyuzi za kolajeni na elastini. Kwa mnyama, hilo ndilo linalogeuzwa kuwa viatu. Demisi ikijeruhiwa inajiunga yenyewe kwa kovu, lakini haiwezi kuzaa epidermisi. Epidermisi huzaliwa na epidermisi tu. Sasa, kama maji yamebabua epidermisi yote ya eneo zima, mpya itatoka wapi?

Itatoka mashimoni. Tunachora ngozi vitabuni kama mikate iliyopangwa, tabaka juu ya tabaka, na picha hiyo inatudanganya. Kinyweleo hakikuchimbwa ndani ya demisi kikawa sehemu yake. Ni epidermisi yenyewe iliyozama, kama kidole cha glovu kilichosukumwa ndani. Kuta zake ni seli za jamii ile ile ya juu. Kadiri vinyweleo vilivyo vingi na virefu, ndivyo akiba ya epidermisi ilivyofichwa kwa wingi chini ya mahali joto lilipofika. Mirija ya tezi za jasho hufanya kazi hiyo pia, na bila hiyo viganja na nyayo, ambavyo havina hata unywele mmoja, visingeweza kujifunika upya baada ya kubabuka. Ila kwenye kigasha mzigo mkubwa hubebwa na nywele.

Mtafiti George Bishop alilijua hilo kwa kujiumiza mwenyewe. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1945 alijiondolea ngozi ya kigasha chake kwa vina tofauti na kufuatilia kilichoota. Mahali vinyweleo vilipobaki, ngozi mpya ilianzia kwenye vinyweleo hivyo. Mwaka 1990 watafiti Cotsarelis, Sun na Lavker, wakichunguza panya, walionyesha mahali akiba ilipo: si chini kabisa kwenye kitako cha unywele, kama wengi walivyodhani, bali katikati ya urefu wa kinyweleo, kwenye kivimbe kilicho karibu na pale kinapojishikiza kile kimsuli kinachosimamisha unywele mtu akisisimka. Hapo zimelala seli shina, seli mama zinazozaa seli mpya. Kwa kawaida hutumika kuanzisha unywele mpya ule wa zamani ukianguka. Juu kukibomoka, huacha kazi ya unywele na kupanda kuziba.

Siku ya nane

Nilikuwa nimemwambia mgonjwa kwamba tutasubiri nukta. Alidhani nimekosea neno.

Siku ya nane upande wa nje zilikuwepo. Kwenye uwanja wa waridi palijitokeza vidoa vidogo vyeupe-kijivu, vimepangana kwa umbali unaokaribia kulingana, kila kimoja na shimo lake la unywele katikati. Mtu asiyejua angesema ni ukungu au usaha na kuvisugua, na nimewahi kuona vikisuguliwa. Ni visiwa vya epidermisi, kila kimoja kimechipuka kutoka kwenye kinyweleo chake, vinatanuka kama matone ya mafuta juu ya maji hadi vigusane. Siku ya kumi vilikuwa vimeanza kuungana. Siku ya 13 upande wa nje ulikuwa umefunga wote.

Upande wa ndani hapakuwa na nukta hata moja. Ngozi mpya ilikuwa ikitambaa kutoka kingoni tu, mwendo usiofika milimita moja kwa siku, huku katikati pakiwa bado na gamba la ngozi iliyokufa. Jeraha la moto likipita wiki tatu bila kufunga, uwezekano wa kovu nene, lililovimba na linalovuta huongezeka sana. Hapa lilikuwa karibu na kifundo cha mkono, na kovu la kuvuta lingeupinda. Siku ya kumi nilimpeleka kwa daktari wa upasuaji, siku ya 15 akapandikizwa ngozi iliyochukuliwa pajani.

Kabla ya kupelekwa nusukaputi aliuliza swali ambalo linastahili kuwekwa kwenye mtihani: "Mnaniondolea ngozi pajani ili kuziba mkononi. Na paja litazibwa na nini?"

Halizibwi na kitu. Kisu cha kuchunia huchukua utando wa kama milimita 0.2 hadi 0.3, yaani epidermisi yote na kipande chembamba cha demisi. Kinakata vinyweleo kwa juu na kuviacha chini vikiwa hai. Kwa hiyo daktari anatengeneza kwa makusudi, pajani, jeraha la aina ile ile aliyokuwa nayo upande wa nje wa mkono, na linapona vile vile, kwa nukta. Paja lake lilifunga siku ya 12 baada ya kuchunwa. Madaktari wengine hupenda kuchukua ngozi kichwani, na ukielewa vinyweleo unaelewa kwa nini. Kichwani vinyweleo ni vingi na virefu kupita kiasi, vitako vyake huzama hadi kwenye mafuta, hivyo panafunga ndani ya wiki moja hivi na panaweza kuchunwa tena na tena. Wagonjwa huogopa kwamba wataota nywele za kichwa mkononi. Hapana. Utando mwembamba huondoka na vipande vya nywele vilivyokatwa, mizizi inabaki kichwani.

Ngozi iliyopandikizwa yenyewe huishi siku ya kwanza na ya pili kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kama mche uliotiwa kwenye ndoo, kisha mishipa ya damu inaunganika. Tulipofungua siku ya tano baada ya kupandikiza ilikuwa ya waridi na imeshika. Kuhusu hatua hii sina mengi, ilikwenda sawasawa.

Rangi, na nywele zenyewe

Wiki ya sita alikuja akiwa na wasiwasi mpya. Upande wa nje ulikuwa umefunga lakini ulikuwa na mabaka ya rangi: msingi wa waridi uliofifia, juu yake vidoa vyeusi vingi, "kama chui". Nilimwomba aangalie kwa karibu. Kila kidoa kilikuwa na unywele katikati. Melanosaiti nazo zina akiba yake ndani ya kinyweleo, na hurudi kwa njia ile ile iliyopitiwa na seli za ngozi, zikiwa zimechelewa tu. Miezi miwili baadaye vidoa vilikuwa vimeungana, kisha pakawa peusi kuliko jirani, kama inavyotokea mara nyingi ngozi iliyochokozwa inapozidisha melanini. Nilimtaka afunike mkono juani mwaka wa kwanza.

Malaika ya nje nayo yalikuwa yamerudi, mafupi kama ya zamani, akashangaa kwamba hayakurefuka ovyo. Urefu wa unywele hupangwa na muda kinyweleo kinaoutumia kukua kabla ya kupumzika. Kichwani muda huo ni miaka miwili hadi sita, kwa mwendo wa kama sentimita moja kwa mwezi. Mkononi ni miezi michache, kisha unywele unasimama, unaanguka, mwingine unaanza. Saa hiyo imo ndani ya kinyweleo. Kuungua kwa juu hakuigusi.

Upande wa ndani hakuna cha kurudi. Vinyweleo vyote, vinavyokadiriwa kuwa milioni tano mwilini, huumbwa kabla ya kuzaliwa, na mwili haukawii kutuonyesha kwamba hauna mpango wa kuongeza vingine. Pamoja navyo zimekwenda tezi za mafuta zilizoshikamana navyo, na tezi za jasho. Ngozi ya kupandikizwa ni nzuri, inaziba, inazuia vijidudu, haivujishi maji. Lakini inakauka, inawasha, haitoi jasho. Anaipaka mafuta asubuhi na jioni, na itabidi aendelee hivyo miaka mingi.

Mwezi wa tisa tangu aungue alikuja mara ya mwisho. Paja ilibidi anionyeshe mwenyewe palipochunwa, maana sikupaona. Tulipokuwa tukizungumza mlango ulifunguka, upepo wa baridi ukaingia, akasisimka. Akaunyoosha mkono wa kushoto mbele yangu. Upande wa nje vipele vya baridi vilikuwa vimejaa, kila kimoja na kiunywele chake kimesimama. Akaugeuza polepole, kiganja kikatazama juu. Vipele vilifika kwenye ukingo wa kovu vikakoma, na ng'ambo ya ukingo ngozi ilikuwa shwari, kavu, inang'aa.

"Huku hakuna habari," akasema.

Nikafungua faili ukurasa wa siku ya kwanza, nikaikata kwa mstari mmoja sentensi yangu ya "pande zote mbili", nikaandika pembeni tarehe na saini.